FALANGA YA TEMBO ILIYOGEUKA NYEKUNDU: NI KOSA LA MASHINI AO NI MIKONO YETU?



Wakati wa likizo babu alinipa falanga moja ya zamani: sarafu ya pande sita, picha ya tembo, falanga mbili za Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1943. Rangi yake ilikuwa kama udongo. Mimi nikataka ingae, nikailoweka katika maji ya ndimu usiku muzima. Asubuhi, nyekundu! Kule sokoni mutu mmoja akaniambia: «Kijana, hii ilikosewa kiwandani, iko na bei kubwa sana.» Nilifurahi kabisa. Lakini mwalimu wetu wa kemia alipoiona, alicheka kwanza, kisha akanifundisha. Na ninyi sikieni.

1. Jua kwanza desturi ya sarafu
Wengine wanafikiri pande sita ni kosa. Hapana! Falanga mbili zote za 1943 ziko vile. Zilitengenezwa Philadelphia, kule Marekani, juu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Vilevile tundu la katikati katika santimu za shaba za 1887 na 1888: lilitobolewa kwa kusudi. Kama zote ziko sawasawa, si kosa.

2. Kosa la kweli la mashini
Kiwandani wanaweka kisahani kitupu cha chuma katikati ya mihuri miwili migumu, mashini inakandamiza kwa nguvu, picha inatokea. Kisahani kikikaa pembeni, upande mmoja wa picha unakosekana na upande mwingine unabaki mtupu. Kikipigwa mara mbili, maandiko yanaonekana mawili mawili. Na kama kisahani kilikatwa vibaya, sarafu inakuwa kama imeumwa na meno.

Shika sheria hii: muhuri ukipasuka, chuma kinaingia katika ule ufa, basi sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Kisu ao musumari unafanya mfereji unaoshuka. Pitisha ukucha, utasikia. Ulioinuka unaweza kuwa wa kiwanda. Unaoshuka, mara nyingi ni wa mutu.

3. Rangi inadanganya
Falanga ya tembo ni shaba iliyochanganywa na zinki; ndiyo sababu ni ya manjano, wala si zahabu. Asidi ya ndimu inakula zinki upande wa juu, shaba nyekundu inabaki. Ndiyo ajabu yangu yote! Unyevu unaleta kijani, moto unaleta weusi. Hizi zote zinatokea nyuma ya kiwanda.

Kosa la rangi la kweli liko, lakini ni adimu: sarafu kupigwa juu ya chuma kisicho chake. Mwaka ule ule 1943 Wamarekani walitengeneza senti zao kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki, sababu shaba ilihitajiwa kwa vita. Visahani vichache vya shaba vya zamani vilibaki katika mashini, vikapigwa navyo. Leo senti hizo ni za bei kubwa sana. Wadanganyifu wakaanza kupaka shaba juu ya zile za chuma. Wanakamatwa namna gani? Kwa sumaku! Ya chuma inavutwa, ya shaba haivutwi. Tena mizani: ya shaba ni gramu 3.11, ya chuma ni 2.70 tu.

Basi, ukipata sarafu ya ajabu, usiisugue kwa ndimu, majivu wala mchanga. Ifunge katika karatasi kavu. Linganisha na nyingine ya mwaka ule ule, jaribu sumaku ya redio iliyokufa, ipime katika mizani ya maabara. Hapo tu ndipo useme.

Nilirudi kwa babu kumwambia. Hakunigombeza. Alisema tu: «Baba yangu aliishika hiyo miaka mingi.» Nilipata haya. Rangi ile ya udongo haitarudi, na mutu wa soko hakununua hata kwa bei ya karanga.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano