Santuri za zamani zisiuzwe kwa kangomba

KILA msimu wa korosho unapokaribia, wakulima wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi hukumbushwa jambo moja: wasiuze kwa kangomba. Anayeuza kwa kangomba hupata fedha taslimu leo, lakini hupoteza bei ambayo angeipata mnadani baada ya korosho zake kupimwa na kupangwa daraja.

Iko mali nyingine ambayo ni rahisi kuuzwa kwa mtindo huo huo. Ni santuri za bendi za zamani za muziki wa dansi, zile zilizojiita jazz, ambazo wazee waliozinunua ujanani wamezihifadhi kwenye masanduku ya bati, uvunguni au darini.

Wapo watu wanaozitafuta: wakusanyaji wa Dar es Salaam na Nairobi, watafiti wa muziki, na kampuni za nje zinazotoa upya nyimbo za zamani. Mnunuzi huja akijua anachotafuta. Muuzaji mara nyingi hajui anachouza. Hapo ndipo kangomba inapoingia.

Kwa nini zimeadimika

Neno jazz katika majina ya bendi hizo halina maana ya jazz ya Wamarekani. Lilikuwa jina la fahari lililobebwa na bendi za magitaa zilizopiga rumba, chacha na mitindo ya nyumbani. Chimbuko lake mojawapo ni sahani za muziki wa Cuba ambazo kampuni ya HMV ilizisambaza Afrika tangu miaka ya 1930 kwa mfululizo uliojulikana kwa herufi GV.

Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Baadaye zikaja Cuban Marimba na Morogoro Jazz za Morogoro, Kiko Kids na Tabora Jazz za Tabora, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Western Jazz ya Dar es Salaam na mtindo wake wa Saboso, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyobeba jina la mji wa mkoa huu wa Lindi.

Bendi hizo zilikuwa nyingi, lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Sahani zilitengenezwa Nairobi na kurudi nchini kupitia kwa wafanyabiashara. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa hadi mwaka 1983, njia hiyo ilikatika. Mpaka ulipofunguliwa, kanda za kaseti zilikuwa zimeshika soko.

Kwa hiyo santuri za bendi za Tanzania ni za kipindi kifupi. Zilizokuwapo zilichezwa hadi zikachakaa, zikavunjwa na watoto au zikageuzwa mapambo ya ukutani. Wimbo ambao sahani yake haitengenezwi tena hubaki kwenye zile chache zilizonusurika.

Nachingwea si mji wa pembeni

Mtu anaweza kuuliza santuri zilifikaje Nachingwea, mji ambao barabara yake kwenda Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha mto Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Historia inajibu. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulianza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, lakini uliacha mji, majengo na reli ya kwenda pwani iliyodumu hadi miaka ya 1960. Baadaye wapigania uhuru wa FRELIMO wa Msumbiji waliweka kambi yao kuu ya mafunzo hapo. Mji wenye wafanyakazi wa reli, askari, walimu na makarani ni mji wenye watu wa mishahara, na mwenye mshahara ndiye aliyeweza kununua gramafoni.

Vijijini fedha zilitoka kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi, na mikoa ya kusini ndiyo iliyokuwa mhimili wa zao hilo. Kisha mambo yakageuka. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na kuacha mikorosho mbali, bei kwa mkulima ikadorora, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000.

Kwa mtafutaji wa santuri, takwimu hizo ni ramani. Zinamwonyesha ni miaka ipi kaya za kusini zilikuwa na fedha za kununulia vitu vya starehe, na ni lini ununuzi huo ulikoma. Zinamkumbusha pia kwamba kuhama kulivunja vingi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea hadi mwaka 1995. Santuri iliyoandikwa anwani ya Nachingwea mwaka 1970 inaweza kuwa ilikuwa ya mtu wa kijiji ambacho leo kiko Ruangwa. Anayeulizia mjini Nachingwea peke yake ameacha nusu ya shamba bila kupalilia.

Msako huanza na orodha

Anayetafuta santuri bila orodha hurudi na mzigo wa vitu ambavyo kila mtu anavyo. Sahani za wanamuziki wa kigeni zilizouzwa kwa wingi, kama za Jim Reeves, hupatikana kwa urahisi, hivyo bei yake ni ndogo hata zikiwa safi.

Jambo la kwanza ni kujua kama wimbo unaotafutwa uliwahi kuwa santuri. Nyimbo nyingi ambazo wazee wanazikumbuka zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo tu. Zilibaki kwenye tepu za studio na hazikutolewa dukani. Mtu anaweza kuzunguka wilaya nzima akitafuta sahani ambayo haikutengenezwa kamwe. Tepu hizo ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na mwaka 2012 mradi wa Tanzania Heritage Project ulianza kuchangisha fedha ili zihamishiwe kwenye kompyuta.

Jambo la pili ni kusoma lebo, ile karatasi ya katikati ya sahani. Hapo huandikwa jina la kampuni, kama vile Mzuri, Jambo, Philips au Polydor, pamoja na namba ya santuri, jina la bendi na mara nyingi jina la mtunzi. Namba nyingine huwa imechorwa kwenye ukingo mtupu unaozunguka lebo. Lebo ikiwa imeliwa na mchwa, namba hiyo ndiyo kitambulisho kilichobaki.

Jina la bendi nalo hueleza umri. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika na bendi ilibadili jina kuwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Sahani yenye jina la NUTA ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1970. Hali kadhalika Mbaraka Mwinshehe alianza na Morogoro Jazz, kisha akaunda Super Volcano aliyokuwa nayo hadi alipofariki dunia nchini Kenya Januari 1979. Sahani za Polydor zenye jina Ukumbusho zilitolewa baada ya kifo chake.

Ipangwe daraja kwanza

Mkulima anajua kwamba korosho iliyolowa haiwezi kupata bei ya iliyokauka. Santuri nazo zina madaraja. Iliyonyooka, isiyo na mikwaruzo, yenye lebo safi na bahasha yake ni daraja la juu. Iliyopinda kwa joto la bati au kukwaruzwa hadi sindano inaruka, thamani yake huanguka, hata kama ni adimu.

Sahani za zamani zaidi ni za mizunguko 78 kwa dakika. Ni nzito na huvunjika kama kigae. Zilizofuata ni ndogo za inchi saba za mizunguko 45, kisha kubwa za inchi 12 zenye nyimbo kadhaa kila upande. Hizi hazivunjiki upesi, lakini hupinda na kukwaruzika.

Anayezihifadhi azisimamishe wima kama vitabu na asizilundike, na aziweke mbali na jua na mchwa. Zishikwe ukingoni. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi na sabuni kidogo, kwa kufuata mifereji, lebo isilowe. Spiriti isiguse kabisa sahani za 78, kwani huyeyusha lakiri iliyotumika kuzitengeneza. Na sahani ya 45 isichezwe kwa sindano ya chuma ya gramafoni ya zamani, kwa sababu sindano hiyo huchimba mifereji na kuumaliza wimbo.

Jina la mwenye sahani, tarehe au muhuri wa duka lililoiuza visifutwe. Huo ndio ushahidi wa ilikotoka.

Baada ya hapo ndipo bei itajwe. Kijana mwenye simu anaweza kumsaidia mzee kutafuta namba ya sahani kwenye tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako wakusanyaji huorodhesha santuri na bei zilizokwisha kulipwa. Bei ya huko ni ya mnunuzi wa mwisho, na ndani yake kuna gharama za posta na faida ya mchuuzi. Hata hivyo humpa muuzaji mahali pa kuanzia mazungumzo.

Sahani ni moja, wimbo ni mwingine

Liko jambo ambalo wauzaji na wanunuzi wengi hulichanganya. Anayenunua santuri amenunua sahani. Hakununua wimbo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo nyimbo alizotunga Mbaraka Mwinshehe zinalindwa hadi mwaka 2029. Anayetaka kuzitoa upya kwa biashara hana budi kupata kibali cha wenye haki, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia masuala hayo nchini.

Biashara hiyo si ndoto. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilitoa CD za Salum Abdallah na Cuban Marimba, na za Mbaraka na Morogoro Jazz. Mwaka 2007 kampuni ya Buda ya Ufaransa ilitoa mkusanyiko wa bendi za Tanzania za miaka ya 1960 katika mfululizo wake wa Zanzibara. Wimbo uliosahaulika nyumbani ulikuwa umerudi dukani ughaibuni.

Kwa familia ambayo mzee wake alipiga gitaa au kutunga nyimbo, sahani yenye jina lake kwenye lebo ni ushahidi wa haki. Ikiuzwa bila hata kupigwa picha, ushahidi umeondoka nayo.

Kwa hiyo kabla sahani haijatoka nyumbani, lebo zake zote mbili zipigwe picha na namba ziandikwe kwenye daftari. Ikiwezekana, nyimbo zinakiliwe kwa mashine iliyounganishwa na kompyuta, na familia ibaki na nakala yake ya kumbukumbu. Mnunuzi wa kweli atasubiri siku mbili tatu. Anayeharakisha, asiyetaka lebo isomwe wala namba iandikwe, ana sababu zake, na mkulima wa korosho anazijua.