Kwa Nini Chapati ya Makopa Inakatika

Msomaji wetu wa Nambambo, Nachingwea, anauliza: unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, anao tele, wa ngano ananunua dukani, mbona akisukuma chapati ya muhogo inakatika mikononi kabla haijafika kwenye kikaango?

Chukua beseni. Kanda konzi moja ya unga wa ngano kwa maji, uliache donge nusu saa, kisha liminyeminye taratibu ndani ya maji safi. Maji yatageuka meupe kama tui. Huo ni wanga unaotoka. Yamwage, uweke mengine, uendelee mpaka yabaki meupe kidogo tu. Mkononi utabaki na kitu cha kijivu, kinachonata, kinachovutika na kurudi. Mtaliano Jacopo Beccari alieleza jaribio hili huko Bologna mwaka 1728. Fanya vivyo hivyo kwa unga wa muhogo: donge lote litaishia kwenye beseni.

Kitu hicho cha kijivu wataalamu wanakiita gluteni, neno lililotokana na jina la Kilatini la gundi. Mimi ningependa tukiite ulimbo wa ngano, maana watoto waliowahi kunasa ndege wangekielewa hapo hapo. Lakini maduka yameshazoea gluteni, basi na iwe gluteni.

Gluteni ni mkusanyiko wa protini, na kubwa ni mbili: glutenini na gliadini. Fikiria uwanja wa ngoma. Glutenini ni wachezaji warefu wenye mikono mirefu, ila unga ukiwa mkavu wamelala. Maji yakiingia, ngoma imelia: wanaamka na kujinyoosha. Kukanda ndiko kunakowasukuma wakutane, na wakikutana wanashikana mikono. Gliadini ni wafupi, wa mviringo, wamekunja mikono kifuani. Hawamshiki mtu, wanapenya katikati ya warefu ili duara lizunguke bila kukakamaa. Hamira ikitoa hewa, duara linatanuka, mikono haiachani, na andazi linaumuka. Ukitia mafuta, umewapaka wachezaji viganjani: wanashikana kwa kuteleza, chapati inakuwa laini. Donge ulilotoka kulikanda sasa hivi linagoma kusukumwa kwa sababu mikono yote imekaza. Liache lipumzike, watalegea.

Na viganja hivyo ni vya nini? Vya salfa! Ndiyo, salfa ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa huipulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Atomu moja ya salfa katika mnyororo mmoja wa protini hufungamana na atomu ya salfa katika mnyororo wa pili, na kifungo hicho ni imara. Gliadini nayo ina salfa, ila imejifunga yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo ile mikono iliyokunjwa kifuani.

Kwenye muhogo uwanja umejaa wanga, ngoma inalia, lakini hakuna wa kumshika mwenzake. Protini ya unga wa muhogo ni kama gramu 1 hadi 3 tu katika kila gramu 100. Mahindi yana protini nyingi zaidi, ila protini yake, zeini, haijengi duara la namna hii kwa maji na kukanda tu.

Hata ngano na ngano hutofautiana kwa gluteni, na Marekani wameishi na tofauti hiyo kwa vizazi. Majimbo ya kusini yalizoea ngano laini, yenye protini kama asilimia 8 hadi 10, ndiyo maana vimikate vyao vya asubuhi vinafumuka mdomoni. Mwaka 1874 Wamenoni waliotoka kusini mwa Urusi walifika Kansas na ngano ngumu nyekundu iliyoitwa Turkey. Ilisumbua mawe ya kusagia, ikahitaji vinu vya roli za chuma, lakini protini yake nyingi ilifaa mikate mikubwa. Mkate wa slesi uliokatwa kwa mashine ya Otto Rohwedder ulianza kuuzwa Chillicothe, Missouri, mwaka 1928. Mkate usioshikamana ungeanguka makombo mbele ya visu vile.

Ngano hiyo ya Turkey asili yake ni kandokando ya Bahari Nyeusi, huko huko kunakotoka sehemu kubwa ya ngano tunayoagiza leo. Vita vya Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022 vilituonyesha bei ya kuitegemea. Hapa nchini, Hanang kulilimwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada kwa sababu kule juu kuna baridi. Nachingwea kuna joto mno kwa ngano, na baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, nadhani ardhi ile imeshajaribiwa mazao ya watu vya kutosha.

Kwa hiyo, ndugu wa Nambambo, chapati ya muhogo mtupu iache. Changanya kikombe kimoja cha unga wa makopa na vinne vya ngano, kanda kwa maji kwanza mpaka donge livutike, na mafuta uyatie mwishoni.