Fundi wa pikipiki na chuma ambacho hakitakiwi kung'aa

Kagunga iko ncha ya kaskazini ya ufuko wetu wa Ziwa Tanganyika, ukishaipita hifadhi ya Gombe, jirani kabisa na Burundi. Milima imekibana kijiji dhidi ya ziwa, na watu na mizigo yao wamezoea kupita majini. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi waliposongamana pale kwa maelfu, meli ya MV Liemba ndiyo iliyobeba kazi ya kuwafikisha Kigoma. Mahali kama hapo, kipuri cha pikipiki hakitupwi ovyo. Kinachoweza kufufuliwa kwa tupa na msasa hufufuliwa.

Kazi hiyo ya kulainisha chuma inastahili heshima kuliko inayopewa, kwa sababu ufundi wake hauko kwenye kung'arisha. Uko kwenye kujua uso upi ulainishwe na upi uachwe.

Tuanze na chuma chenyewe. Silinda hedi ya bodaboda, yaani kifuniko cha juu cha silinda ya injini, ni alumini iliyochanganywa na madini mengine. Alumini hiyo huyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu. Ikipoa hubaki na chembechembe, na mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kiwanda makini huondoa kasoro hizo kwa mashine. Kipuri cha bei nafuu mara nyingi huja nazo, hasa ndani ya njia za hewa na moshi, ambako mnunuzi haangalii.

Uso wa kwanza kushughulikiwa ni ule unaokalia gasketi. Huo lazima uwe sawasawa. Fundi hulaza kioo kinene mezani, hubandika msasa juu yake, hudondoshea mafuta ya taa, kisha huizungusha hedi taratibu kwa kuchora namba nane, bila kuikandamiza upande mmoja. Baada ya mizunguko michache huigeuza na kuitazama. Palipong'aa pamegusa msasa. Palipobaki na weusi ni bonde. Huendelea mpaka rangi iwe moja, kisha husimamisha rula ya chuma juu ya uso na kuchungulia mwanga chini yake. Upenyo mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha mgandamizo na kuunguza gasketi.

Njia ya moshi nayo hufaidika ikilainishwa, maana masizi hayapati mahali pazuri pa kung'ang'ania. Lakini njia ya kuingizia hewa na petroli ina sharti lake. Petroli hutoka kwenye kabureta ikiwa matone madogo. Ukuta ukiwa kama kioo, matone hujibandika na kutiririka, ndiyo maana mafundi wengi huondoa mshono na vinundu tu, wakaacha ukwaruzo mdogo. Na anayeipanua njia hiyo kupita kiasi huipunguzia hewa mwendo. Pikipiki itakimbia tambarare, ila itachoka mlimani ikiwa na abiria na gunia la dagaa.

Ukuta wa silinda haung'arishwi kabisa. Hukwaruzwa kwa mawe maalumu ili ubaki na mistari midogo inayokatana, na humo ndimo oili hukaa kuilinda pistoni na ringi zake. Mapezi ya nje ya kupozea injini nayo yaachwe na ukavu wake. Yanahitaji usafi, hayahitaji kung'aa.

Ziwa letu lina ushahidi mkubwa wa thamani ya nyuso hizi. Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka chini ya maji haikuiua, kwa sababu kuna watu waliojali uso wa chuma.

Adui mkubwa wa kazi hii ni vumbi la msasa. Chembe zake ni ngumu kuliko alumini, na zikibaki ndani huchanganyika na oili, zikaendelea kusaga beringi na silinda barabarani. Kwa hiyo hedi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ipulizwe kila tundu, ikaushwe, ipakwe oili. Fundi naye avae miwani na afunike pua.

Kwa vijana wa karakana za Mwanga, Ujiji na vijiji vya ufukweni, elimu hii ingefaa itolewe kwa vitendo, na chuo cha ufundi cha VETA na shirika la viwanda vidogo la SIDO vipo Kigoma. Mwenye pikipiki naye ana wajibu wake. Usimpime fundi kwa mng'aro wa hedi anayokukabidhi. Muulize amelainisha wapi, ameacha wapi na kwa nini, kisha mlipe pia muda aliotumia kuosha.