Rangi ya Kolwezi haishiki bila udongo na gundi

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingi yake hapa kwetu Kolwezi na mkoa wote wa Lualaba, na gramu 1 tu ya oksidi yake katika gramu 100 za unga wa glezi, ule mpako wa kioo juu ya chungu, hutoa buluu iliyokolea. Shaba hutoa kijani. Tanuri likinyimwa hewa, shaba hiyo hutoa nyekundu. Utajiri huo wote humkwamia mfinyanzi kabla hata hajawasha moto.

Glezi mbichi ni unga wa mawe na kioo uliokorogwa majini. Chembe ya oksidi ya kobalti ina uzito zaidi ya mara mbili wa chembe ya kioo yenye ukubwa uleule, kwa hiyo hutua chini ya ndoo. Chungu cha kwanza hutoka na rangi hafifu, cha mwisho karibu cheusi.

Dawa yake ni udongo. Kaolini asilimia 10 hutosha kwa glezi nyingi. Isipokuwepo, tia bentonaiti asilimia 2: udongo uliotokana na majivu ya volkano, ambao vipande vyake, vyembamba kama karatasi, hunywa maji, huvimba na kuzishika chembe nzito zisizame. Uchanganye na unga mwingine ukiwa mkavu, maana ukiumwaga peke yake majini hufanya mabonge sugu. Wala usizidishe. Glezi yenye udongo mwingi hupasuka ikikauka, kisha motoni hujikusanya na kuacha mabaka matupu.

Gundi ina kazi nyingine. Glezi iliyokauka ni vumbi, ukiigusa inabanduka. Gundi ya mgunga, ile ya Sudani na kaskazini mwa Kenya, ilowekwe usiku kucha katika maji ya moto, ichujwe, kisha itiwe kidogo. Huifanya glezi ing'ang'anie chungu, na brashi iteleze badala ya kukwama pale chungu kinapofyonza maji. Motoni gundi huungua yote kabla glezi haijayeyuka, kwa hiyo rangi haiguswi. Gundi iliyolowekwa huoza upesi, tengeneza ya wiki moja.

Nasisitiza jambo moja kwa wenzangu wa Kolwezi: msisage mawe ya kuokota, hata malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, liwe zuri kiasi gani. Baadhi ya madini ya huku, hasa ya mgodi wa Musonoi, yana urani, na vumbi lake huingia mapafuni. Tumieni oksidi iliyosafishwa, mvae barakoa hata hivyo, na glezi ya shaba msiipake ndani ya chombo cha chakula, kwani ndimu na siki huweza kuitoa shaba hiyo.