Halisi, Nakala na Ghushi: Msamiati wa Kiswahili wa Kazi za Sanaa, kutoka Mchezo wa Video hadi Maduka ya Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi Kiswahili kinavyotaja tofauti kati ya kazi halisi ya sanaa, nakala yake na kazi iliyoghushiwa. Inaanza na mfano unaojulikana na vijana wengi duniani, yaani kazi za sanaa zinazokusanywa katika mfululizo wa michezo ya video uitwao Animal Crossing. Kisha inageukia uchoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam na biashara ya vinyago na zana za kitamaduni katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba ughushi haumo katika kitu chenyewe bali katika kauli inayotolewa kukihusu. Kwa sababu hiyo, lugha ya lebo, ya risiti na ya sheria ndiyo mahali pa kwanza pa kuwalinda mnunuzi na fundi. Makala inapendekeza istilahi tano kwa matumizi ya makumbusho, masoko ya sanaa na watunga sera.

1. Utangulizi

Mteja anayeingia katika duka la vinyago kwenye Mtaa Mkuu wa Jinja huuliza swali moja mapema: je, kitu hiki ni cha kweli? Majibu huja kwa lugha kadhaa kwa pamoja. Ataambiwa kwamba ni orijino, kwamba si feki, au kwamba si kicupuli, neno ambalo Waganda na majirani zao hulitumia kwa bidhaa yoyote isiyo halali, kuanzia noti hadi dawa. Majibu hayo yote yana kasoro moja. Yanagawanya vitu katika makundi mawili tu, cha kweli na cha uongo, ilhali vitu vingi vilivyomo dukani havimo katika kundi lolote kati ya hayo. Kinyago kilichochongwa mwezi uliopita kwa kufuata mtindo wa zamani si cha uongo. Wala si cha kale.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha inayopewa hadhi hiyo hupewa pia majukumu, na mojawapo ni kuandika lebo, mikataba na sheria zinazohusu urithi wa utamaduni. Iwapo istilahi zetu zitakuwa legelege, fundi mwaminifu ataitwa tapeli na tapeli atapita bila jina.

2. Mbweha na bundi: funzo la mchezo wa video

Animal Crossing ni mfululizo wa michezo ya kuiga maisha ulioanza nchini Japani mwaka 2001 chini ya kampuni ya Nintendo. Mchezaji huishi katika kijiji au kisiwa, hulima, huvua, hupamba nyumba na husaidia kujaza jumba la makumbusho. Kazi za sanaa huuzwa na mbweha mjanja aitwaye Redd, na msimamizi wa makumbusho ni bundi aitwaye Blathers. Katika toleo la New Horizons, lililotoka Machi 2020, kazi za sanaa ni 43: michoro 30 na sanamu 13.

Mbweha huchanganya kazi za kweli na za kughushi bila kusema ipi ni ipi. Katika matoleo ya awali mchezaji hakuweza kuzitofautisha kwa macho. Alinunua kwa bahati, kisha akasubiri hukumu ya bundi. Kuanzia toleo la New Leaf la mwaka 2012, kazi ya kughushi ilipewa alama inayoonekana. Sanamu ya mrusha kisahani wa Kigiriki, ikiwa ni ya kughushi, huwa imevaa saa ya mkononi. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo hushika kitabu. Jiwe la Rosetta huwa la rangi ya buluu. Mona Lisa huwa ameinua nyusi. Mchezaji anayeijua kazi asilia hugundua kosa. Asiyeijua hupoteza fedha zake, na bundi huikataa kazi hiyo asiiweke makumbushoni.

Mchezo huu una mafunzo mawili yenye manufaa. La kwanza ni kwamba elimu ya sanaa ni kinga: anayetazama kwa makini hadanganyiki kwa urahisi. La pili ni kwamba jumba la makumbusho ndilo linalotoa hukumu, si muuzaji.

Hata hivyo, mchezo unapotosha katika mambo mawili. Kwanza, unafundisha kwamba kosa limo ndani ya kitu, kama saa kwenye mkono wa sanamu. Katika maisha halisi, mghushi hodari haachi saa mkononi. Pili, hauna nafasi ya kitu cha kati. Kazi ni ya kweli au ni ya kughushi. Nakala halali, inayouzwa kwa jina la nakala, haimo. Isitoshe, orodha ya sanamu 13 ina kazi mbili tu kutoka Afrika, nazo ni Jiwe la Rosetta na sanamu ya Nefertiti. Zote mbili ni za Misri, na zote mbili leo zimo Ulaya, moja London na nyingine Berlin. Kijana wa Mbale anayejifunza sanaa kupitia mchezo huu hujifunza kutambua kazi za mbali, huku zile za jirani yake zikibaki bila majina.

3. Maneno tuliyo nayo

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayajagawiwa kazi.

Neno bandia ndilo pana kuliko yote. Mtoto wa bandia ni kitu cha kuchezea, na meno ya bandia ni msaada wa tabibu, hakuna anayedanganywa. Lakini noti bandia ni kosa la jinai. Neno moja, basi, linabeba kitu kilichotengenezwa badala ya kingine na kitu kilichotengenezwa ili kudanganya. Upana huo ni utajiri katika mazungumzo na ni hatari katika mkataba.

Neno feki, lenye asili ya Kiingereza, ni la lawama moja kwa moja. Haliulizi nia wala mazingira. Kicupuli nalo hufanya kazi hiyohiyo katika Uganda.

Neno ghushi lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili hubeba maana ya kuharibu ubora kwa kuchanganya pamoja na ile ya kutengeneza kitu kifanane na kile halali. Lugha ya mahakama imelishika neno hili hasa kwa nyaraka. Sheria za jinai za Uganda, Kenya na Tanzania, ambazo zina chimbuko moja, hufasili kosa hili kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Fasili hiyo ina vipengele viwili muhimu: hati na nia. Haisemi juu ya ubao, rangi wala jiwe.

Nakala ni neno tulivu. Linakiri kwamba kuna kitu kingine kilichotangulia. Mwigo, kutoka kitenzi iga, unafaa kwa kazi inayofuata mtindo bila kurudia kazi moja mahususi.

Tukiyapanga maneno haya, tunaona kwamba tofauti kati ya nakala na kazi ghushi si tofauti ya umbo. Vitu viwili vinaweza kulingana kwa kila unywele, kimoja kikawa nakala na kingine ghushi. Kinachovitenganisha ni kile ambacho muuzaji amesema, ameandika, au amemwacha mnunuzi akiamini.

4. Tingatinga: jina la mtu lililogeuka jina la mtindo

Mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania na alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta za kawaida kwenye vipande vya ubao mwembamba. Alifariki mwaka 1972. Kipindi chake cha kazi, basi, kilikuwa cha takribani miaka minne. Wanafunzi na jamaa zake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 walisajili chama cha ushirika cha wachoraji. Leo michoro ya aina hiyo huuzwa Zanzibar, Arusha, Nairobi na Jinja.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia ni kwamba jina la mtu limekuwa nomino ya kawaida. Mtu husema amenunua tingatinga kama anavyosema amenunua kitenge. Kwa hiyo kauli kwamba mchoro fulani ni Tingatinga halisi ina maana mbili. Inaweza kumaanisha kwamba ulichorwa na marehemu mwenyewe kabla ya mwaka 1972, na katika maana hiyo kazi ni chache na ghali. Inaweza pia kumaanisha kwamba ulichorwa na fundi wa mtindo huo, na katika maana hiyo karibu kila mchoro unaouzwa mitaani ni halisi. Walaghai wameutumia mwanya huu: michoro yenye saini ya marehemu, iliyochorwa baada ya kifo chake, imeingia sokoni. Michoro hiyo si mibaya kwa lazima. Kilicho kibaya ni saini.

Ndani ya jumuiya ya wachoraji hao, kurudia mchoro wa mwenzako ni sehemu ya kujifunza na ya kuishi. Kuwaita wote waghushi ni kutojua kazi yao. Kuwatetea wote ni kumficha aliyeandika jina lisilo lake. Lugha isiyotenganisha nakala na ghushi hulazimisha mojawapo ya makosa hayo mawili.

5. Jinja na Mbale

Katika maduka ya Jinja tatizo la kwanza ni la mali ghafi. Mpingo ni mti mweusi, mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini. Kinyago cha mti mwepesi kilichopakwa rangi ya viatu hufanana nao kwa macho. Fundi anayekipaka rangi ili kipendeze hajatenda kosa. Kosa huanza pale kibandiko kinaposema mpingo. Vinyago vingine, na hasa vitu vya jiwe laini la Kisii, vimetoka Kenya. Kuuza kitu cha Kisii katika Jinja ni biashara halali ya kikanda. Kukiuza kwa jina la kazi ya kale ya Busoga ni ughushi wa nasaba.

Mbale inatuletea swali gumu zaidi. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaaba hufanya jando la imbalu, na ufunguzi wake hufanyika Mutoto, karibu na mji. Vijana huvaa shanga, ngozi za mbega na njuga za mapajani, na ngoma za kadodi huwasindikiza. Mkusanyaji wa vitu vya kale hupima uhalisi kwa umri: kitu kikiwa kikuukuu, ni halisi. Lakini kwa mantiki ya sherehe yenyewe, ngoma iliyowambwa mwaka huu na ikapigwa katika imbalu ni halisi kabisa, ilhali ngoma iliyofukizwa moshi ili ionekane ya babu, isiyopata kupigwa katika sherehe yoyote, si halisi hata kidogo. Hapa uhalisi ni matumizi na idhini, si miaka. Lebo ya makumbusho inayotaja umri peke yake inaacha jambo ambalo wenye kitu hulitanguliza.

Suala hili linazidi uzito kadiri vitu vinavyorejeshwa. Mwaka 1962 masalia ya Kibuuka yalirudishwa kutoka Cambridge hadi Jumba la Makumbusho la Uganda, na Juni 2024 vitu 39 vilifika huko kutoka chuo hicho hicho, kwa mkataba wa mkopo. Kila kurejea kwa kitu huzaa nakala madukani. Nakala hizo zinaweza kuwalisha mafundi kwa heshima, mradi ziitwe kwa jina lao.

6. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi tano kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa wizara zinazohusika na kwa wasimamizi wa makumbusho. Kazi halisi ni ile ambayo mtengenezaji, mahali na matumizi yake ni yale yanayotajwa. Nakala ni kazi inayorudia kazi moja inayojulikana na kukiri hivyo. Mwigo ni kazi mpya inayofuata mtindo. Kazi ghushi ni ile inayoambatana na kauli ya uongo, ya mdomo au ya maandishi, yenye nia ya kudanganya. Nasaba ya kazi ni mlolongo wa waliotengeneza, waliomiliki na waliouza, kama ulivyoandikwa. Neno bandia libaki katika mazungumzo, lisitumike katika lebo wala katika sheria.

Pili, risiti ya kazi ya sanaa itaje mambo manne: fundi, mahali, mwaka na mali ghafi. Gharama ya kuandika maneno hayo ni ndogo, nayo humpa mnunuzi ushahidi na humpa fundi jina. Pia huigeuza kauli ya dukani kuwa hati, yaani kitu ambacho sheria ya ughushi iliyopo tayari inakijua.

Tatu, walimu wa Kiswahili watumie mifano ambayo wanafunzi wanaijua, ukiwamo mchezo wa mbweha na bundi, kisha wawaombe wataje kazi za kwao ambazo zingestahili kuwekwa katika jumba hilo na alama ambazo zingemfichua mghushi.

7. Hitimisho

Katika mchezo wa video, bundi hutazama sanamu na kutoa hukumu papo hapo. Jinja na Mbale hakuna bundi wa namna hiyo. Kuna muuzaji, mnunuzi, fundi aliye mbali na maneno yanayopita kati yao. Iwapo Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya biashara hiyo, basi maneno hayo yanapaswa kumwezesha muuzaji mkweli kusema ukweli kwa urahisi na kumwacha mwongo bila neno la kujifichia. Fundi anayeuza nakala nzuri kwa jina la nakala anastahili lugha isiyomwita mwizi.