Kasuku Mgeni Akae Kwanza Tunduni

Watu wengi wakipata kasuku hufurahi mno. Siku hiyo hiyo hufungua mlango wa tundu. Watoto humshika, majirani huja kumtazama, na kila mtu anataka aseme "hujambo". Kasuku hasemi kitu. Anajikunyata na hali chakula. Ndugu msomaji, ndege huyo ana hofu, na hofu yake inahusu afya yako pia.

Kasuku wengine wana vijidudu vya homa ya kasuku. Ndege anaweza kukaa navyo muda mrefu akaonekana mzima. Akichoshwa na safari au akitishwa, nguvu za mwili wake hupungua. Hapo vijidudu huongezeka, naye huvitoa kwa wingi katika kinyesi na majimaji ya pua. Kinyesi kikikauka huwa vumbi. Mtu akilivuta vumbi hilo puani, anaweza kuugua. Kwa hiyo kumtuliza kasuku mgeni si mchezo. Ni kinga.

Mweke tunduni siku 30 hivi. Tundu liwe pana, aweze kukunjua mabawa yote mawili. Upande mmoja uelekee ukutani, ili asione watu wakimjia kutoka pande zote. Usiliweke jikoni, maana moshi wa kuni humdhuru ndege upesi kuliko mtu. Usiliweke mnapolala. Wala lisiwe karibu na banda la kuku, kwa sababu kasuku anaweza kuleta kideri bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili. Jua likitua, lifunike kwa kitambaa chepesi. Anahitaji kulala saa 10 hadi 12.

Siku 3 za kwanza mpe maji safi na chakula, kisha ondoka. Mtu mmoja tu amhudumie. Baadaye keti karibu na tundu ukichambua mchele au maharage yako, huku ukizungumza naye kwa sauti ya chini. Mpe kipande cha embe au papai kupitia kwenye waya. Akirudi nyuma, usimlazimishe. Akipokea na kula mbele yako, ameanza kukuzoea. Mtama, mahindi mabichi, mchicha na matunda vinamfaa. Lakini parachichi ni sumu kwake. Karanga zenye ukungu zitupwe, hata wewe usizile. Wengine humpa pombe ili watu wacheke. Huo ni ukatili.

Tandika karatasi chini ya tundu, uibadilishe kila siku. Usifagie kinyesi kikavu! Kinyunyizie maji kwanza ili vumbi lisiruke. Jifunge kitambaa puani na mdomoni. Karatasi chafu ifukiwe shimoni, kisha nawa mikono kwa sabuni. Usimbusu kasuku wala usimlishe kwa mdomo wako. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, halafu nenda zahanati. Usihofu kichaa cha mbwa. Ndege hawaambukizi ugonjwa huo.

Kasuku mwenye manyoya yaliyosimama, macho yenye majimaji, au anayeharisha kinyesi cha kijani, asitolewe tunduni. Mwite bwana mifugo.

Je, mtu akiambukizwa? Mara nyingi baada ya siku 5 hadi 14 hupata homa, baridi, maumivu ya kichwa na misuli, na kikohozi kikavu. Wengi hudhani ni malaria. Pima malaria, ndiyo, lakini mwambie mganga maneno haya matatu: "Nyumbani tuna kasuku." Asipoyasikia, si rahisi kukisia. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa kama doksisaiklini. Ukicheleweshwa, mapafu huvimba na mgonjwa anaweza kufa. Usijinunulie dawa hiyo dukani. Mama mjamzito na mtoto mdogo huenda wakahitaji nyingine.

Siku 30 zikiisha, kasuku akiwa mzima na anakula mkononi mwako, mtoe. Kwanza funga milango na madirisha. Zima moto. Funika mtungi wa maji, maana ndege huzama. Paka atoke nje. Kisha fungua tundu, keti, na umwache atoke mwenyewe. Mfungulie jioni kabla hajala, na chakula chake kikae tunduni. Njaa itamrudisha.