Sura ya Nne: Nyumba Itazame Wapi?

Wateja huniletea ramani walizonunua mtandaoni. Sebule ina ukuta mzima wa vioo, na ukisoma maelezo unakuta mchoraji alikusudia kulivuta jua liingie ndani. Huko aliko ana haki. London iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Desemba, jua la saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi, na kioo kinachotazama kusini ni hita ya bure. Vitabu vya Australia vinasema kinyume: tazama kaskazini. Msomaji wetu husoma vyote, kisha huja kuuliza kipi ni cha kweli. Vyote ni vya kweli, ila hakuna kilichoandikwa kwa ajili ya Kibaha.

Sisi jua hatulitafuti, tunalikwepa. Na huwezi kulikwepa usipojua njia yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Desemba limehamia kusini, nyuzi 73. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, linapita utosini na nguzo ya umeme haina kivuli. Anayekuambia jua letu "liko kaskazini" amekupa kipande tu cha mwaka.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo mafundi wengi huruka. Chukua dirisha lenye kimo cha sentimita 120, na upenu unaoanzia usawa wa juu wa dirisha hilo. Gawa kimo kwa tanjenti ya pembe ya jua, utapata upana wa upenu unaolitia dirisha lote kivulini. Upande wa kaskazini, adhuhuri ya Juni, unahitaji sentimita 70. Kusini, adhuhuri ya Desemba, 36 tu. Sasa geukia magharibi, mwishoni mwa Machi. Saa kumi na nusu jioni jua limeshuka hadi nyuzi 30, na upenu unaotakiwa umepita mita 2. Saa kumi na moja na nusu umepita mita 4. Hakuna kenchi ya nyumba ya kawaida inayotoka nje mita 4. Basi lipo jibu la swali la mteja: urefu wa nyumba ulale mashariki hadi magharibi, kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi ziachiwe jua la asubuhi na la jioni.

Wapo wanaokwenda kwa mpiga ramli kuuliza mlango ukae wapi. Azindikaye nyumba yake sina ugomvi naye, ila zindiko halijawahi kupoza ukuta wa magharibi. Wenye fedha nao wana ramli yao siku hizi: kanuni za Kichina za kuielekeza nyumba kusini. Kaskazini mwa China kanuni hiyo ni akili tupu, kwa kuwa hukaribisha jua la kipupwe na kuupa mgongo upepo wa Siberia. Upepo wa Siberia Kigamboni unafuata nini?

Kinachonikera zaidi ni paa la kuficha, lile bati lililozungushiwa ukuta ili nyumba ionekane kama sanduku. Upenu umekatwa kwa ajili ya picha. Mvua inapiga dirishani, jua linapiga ukutani, halafu mwenye nyumba anaongeza kiyoyozi.

Baada ya paa nilipanga kuzieleza kuta kwa aya mbili, niende kwenye matangi ya maji ya mvua. Lakini ukitaja kuta, mtu atakutajia Lamu: "Wazee walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ndiyo maana ndani kuna baridi." Kisha anajenga ukuta kama ule Bunju, peke yake katikati ya kiwanja, na usiku analala kama yumo ndani ya tanuri. Tembea Lamu mchana uone. Vichochoro ni vyembamba, vya watu na punda; nyumba zimeegemeana; juu ya njia kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili na kumwaga kivuli chini. Jiwe lile halipozi kwa unene wake tu. Sehemu kubwa yake hailioni jua. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, na hewa hupitia kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu. Ukichukua jiwe ukaacha mji, umechukua sehemu inayohifadhi joto ukaacha inayolizuia.

Pwani, usiku wa Februari haupoi vya kutosha kuufukuza moto ulioingia ukutani mchana. Nyumba iliyosimama peke yake inataka kuta nyepesi, paa la rangi nyeupe, tundu la kutolea hewa juu ya dari, na madirisha yanayokabiliana ili kaskazi na kusi zipite. Iringa au Arusha, ambako usiku una baridi, ukuta mnene ni rafiki.

Tatizo gumu ni mteja aliyenunua kiwanja cha ufukweni upande wa magharibi wa Unguja, anayetaka kuliona jua likizama. Simkatalii. Namwambia aende Forodhani aitazame Beit al-Ajaib aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883: jumba linalotazama bahari, lililozungushiwa baraza pana kila ghorofa. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, lakini somo la baraza lile lipo palepale. Mteja wangu atoe mita 3 za baraza mbele ya sebule, aweke milango ya mbao yenye vibanzi vya kupitisha hewa, aifunge tangu saa tisa na kuifungua jua likikaribia maji. Mita hizo 3 zinatoka kwenye sebule, na hapo ndipo mazungumzo yetu huwa magumu.